Mwongozo Kamili: Jinsi Mwanafunzi wa Sekondari Anayesomea Nyumbani Marekani Anavyoweza Kukusanya Krediti za Chuo Mapema

Shahada ya kwanza katika vyuo vingi vya Marekani huhitaji takriban krediti 120, yaani vipimo vya kiasi cha masomo aliyoyakamilisha mwanafunzi, na somo la kawaida la muhula mmoja hubeba krediti 3. Kijana anayemaliza sekondari akiwa na krediti 30 ambazo chuo chake kinazikubali amekwisha kukamilisha kiasi cha mwaka mzima wa masomo, na wazazi wake wameepukana na ada na mikopo ya mwaka huo. Nafasi hii iko wazi kwa mtoto anayesomea nyumbani kama ilivyo kwa mwenzake wa shule ya serikali, na mara nyingine ni rahisi zaidi kwake, kwa sababu ratiba yake hupangwa na wazazi wake wenyewe. Anachokosa ni mshauri wa masomo ambaye shuleni angemwambia ni mtihani gani afanye, lini ajiandikishe na karatasi zipi zipelekwe wapi. Kazi hiyo inamwangukia mzazi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi huyo, na hasa kwa yule aliyesoma Nairobi, Mwanza, Bukavu au Bujumbura, ambako mitihani ya taifa ndiyo iliyoamua mambo na mfumo wa krediti haukuwapo.

Jambo moja litangulie mengine yote: krediti huhesabiwa pale inapopokelewa, haihesabiwi pale ilipopatikana. Mtoto anaweza kufaulu mitihani kumi na kisha akajiunga na chuo kinachokubali miwili tu. Anaweza pia kupewa krediti zote alizozifanyia kazi, lakini zikawekwa kama masomo ya hiari ambayo shahada yake haiyahitaji, na muda wa kuhitimu usipungue hata kwa wiki moja. Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu unaanzia chuo cha mwisho na kurudi nyuma hadi darasa la 9, ambalo ni mwaka wa kwanza wa sekondari ya miaka minne, na ninamsihi mzazi asiruke hatua mbili za mwanzo kwa kuwa zinaonekana kuwa za makaratasi tu.

Hatua ya kwanza: weka sawa hali ya kisheria na majina

Kusomesha mtoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila masharti hutofautiana sana. Texas inaihesabu elimu ya nyumbani kama shule binafsi na haimtaki mzazi atoe taarifa yoyote ya kila mwaka. New York humtaka mzazi awasilishe mpango wa masomo wa mwaka na ripoti za kila robo mwaka. California wazazi wengi hujaza hati ya kiapo ya shule binafsi, na Washington na Georgia huhitaji tamko la kila mwaka la nia ya kusomesha nyumbani. Hati hizi ndizo zitakazoombwa siku mtoto atakapotaka kuingia darasa la chuo kwa gharama ya jimbo, na mzazi asiyekuwa nazo hupata shida ya kuthibitisha kwamba mtoto wake ni mwanafunzi wa sekondari anayetambulika. Tengeneza jalada moja, la karatasi au la kompyuta, uhifadhi humo kila tamko, kila risiti ya wilaya na kila barua uliyopokea.

La pili ni majina, na hapa familia zetu zina tatizo lao la pekee. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi walifika Marekani wakiwa na hati ambazo jina la ukoo limewekwa mahali pa jina la kwanza, au jina moja limeandikwa kwa tahajia mbili, au tarehe ya kuzaliwa imejazwa kuwa Januari 1 kwa sababu ile halisi haikujulikana. Siku ya mtihani, jina lililo kwenye usajili linapaswa kulingana na lile la kitambulisho, na likipishana msimamizi ana haki ya kumzuia mtahiniwa. Mtafutie mtoto kitambulisho cha jimbo chenye picha, au pasipoti, kabla ya kumfungulia akaunti yoyote, kisha utumie jina hilohilo, herufi kwa herufi, kwenye akaunti ya College Board, shirika linaloendesha mitihani mingi itakayotajwa hapa, kwenye maombi ya chuo na kwenye transkripti, yaani rekodi ya masomo na alama, utakayoiandika nyumbani. Kurekebisha jina baada ya krediti kutawanyika katika akaunti tatu ni kazi ya miezi, ilhali kulipanga mwanzoni ni kazi ya siku moja.

Hatua ya pili: anza na vyuo vitatu

Kaa na mtoto mchague vyuo vitatu au vinne ambavyo kwa uhalisia anaweza kusoma: kimoja cha serikali kilicho karibu, kimoja kikubwa cha jimbo, na kimoja au viwili vya binafsi. Si lazima awe na uhakika. Kinachotakiwa ni kuwa na mahali halisi pa kupimia krediti zake. Kisha fungua tovuti ya kila chuo utafute mambo manne: jedwali la krediti za CLEP na AP (mitihani inayompa mwanafunzi krediti za chuo, itakayoelezwa mbele), kanuni za kuhamisha krediti, kikomo cha krediti za mitihani, na idadi ya krediti ambazo lazima zisomwe katika chuo chenyewe, ambayo mara nyingi huwa 30 au robo ya shahada.

Nichukue mfano wa Texas, kwa kuwa vyuo vya serikali huko hutumia namba za masomo zinazofanana na jedwali lake husomeka kwa urahisi. Katika jedwali la CLEP utakuta safu ya jina la mtihani, safu ya alama inayohitajika, safu ya somo linalolingana na safu ya krediti. Mstari wa College Algebra huonyesha MATH 1314 na krediti 3; hilo ni somo halisi la chuo, linaloingia katika masomo ya msingi ambayo kila mwanafunzi wa chuo cha serikali Texas lazima ayakamilishe, yenye jumla ya krediti 42. Mstari wa American Government kwa kawaida huonyesha GOVT 2305, yaani serikali ya shirikisho, lakini masomo ya msingi yanadai pia GOVT 2306, inayohusu serikali ya Texas yenyewe, na mtihani huo hauigusi. Mzazi anayesoma safu ya somo kwa makini ataelewa hapohapo kwamba GOVT 2306 itabidi isomwe darasani. Ukikuta mstari usio na namba ya somo, wenye neno la kuonyesha kwamba krediti ni ya hiari, usimwandikishe mtoto mpaka ujue kama shahada anayoitaka ina nafasi ya masomo ya hiari.

Majimbo mengine yana vyombo vyao. California ina tovuti ya ASSIST inayoonyesha somo lipi la chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, linalingana na lipi katika vyuo vikuu vya serikali; Florida ina mfumo wa namba za pamoja kwa jimbo zima; na Transferology hulinganisha masomo ya vyuo vya majimbo mengi. Baada ya kusoma haya, mwandikie msajili au ofisi ya udahili barua pepe fupi, uulize swali moja tu kwa kila barua, ulihifadhi jibu. Jibu lililoandikwa lina uzito miaka mitatu baadaye, wakati aliyekujibu ameshahamia ofisi nyingine. Maelezo ya simu hayana uzito huo.

Vyuo vyenye ushindani mkali visomwe kwa tahadhari zaidi. Vyuo vya kundi la Ivy League, yaani vyuo vinane vya binafsi vyenye sifa kubwa kama Harvard na Yale, kwa kawaida havitoi krediti kwa CLEP, na vingi vyao havihesabu somo la chuo ambalo mwanafunzi alilitumia kumaliza sekondari. Kijana anayelenga huko anaweza bado kunufaika na masomo ya chuo, kwa sababu alama nzuri kutoka kwa profesa wa nje humthibitisha kuliko alama alizopewa na mama yake, lakini ayachukue akijua kwamba faida ni ya udahili na si ya kufupisha shahada.

Hatua ya tatu: mitihani ya CLEP

Kwa familia nyingi hii ndiyo njia nzuri ya kuanzia. CLEP huendeshwa na College Board, ina mitihani 34, na inakubaliwa kwa namna moja au nyingine na zaidi ya vyuo 2,900. Haina sharti la kusoma darasa lolote: mtoto akilijua somo, anajiandikisha, anafanya mtihani wa kompyuta wa takriban dakika 90, na kwa mitihani mingi anaona alama yake papo hapo. Alama huanzia 20 hadi 80. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hupendekeza 50 kuwa alama ya kufaulu kwa mitihani mingi, ingawa kila chuo kina uhuru wa kudai zaidi. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo mtoto afundishwe kutoacha swali lolote wazi. Akishindwa, atasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia mtihani uleule.

Kuna jambo linaloifanya CLEP iwe salama kuliko darasa la chuo: mtoto akipata alama ndogo, hakuna anayelazimika kuipeleka popote, na haiingii katika wastani wake wa GPA. Ndiyo maana ninaipendelea kwa mtoto wa miaka 14 au 15 ambaye bado anajipima.

Ada ya mtihani mmoja ni chini kidogo ya dola 100, na kituo cha mtihani huongeza ada yake. Kabla hujalipa, fungua tovuti ya Modern States, shirika lisilo la faida linalotoa masomo ya bure ya kujiandaa kwa CLEP. Mwanafunzi akikamilisha somo na mazoezi yake, huomba vocha inayolipia ada ya mtihani. Kwa familia yenye watoto wanne, hiyo ni tofauti kati ya kuweza na kutoweza. Mtihani unaweza pia kufanywa nyumbani chini ya msimamizi wa mtandaoni, kwa masharti ya kompyuta, kamera na chumba kitulivu. Nyumba yenye wadogo watatu na wageni wasiopiga hodi si mahali pa mtihani wa namna hiyo, na kituo kinafaa zaidi.

Chagua mtihani unaofuata kile mtoto alichokwisha kukisoma. Aliyemaliza kitabu cha biolojia cha mwaka mzima aongeze wiki sita za marudio afanye Biology. Aliyesoma historia ya Marekani afanye mitihani yake miwili, mmoja hadi mwaka 1877 na mwingine kuanzia 1865. Kwa uandishi, soma jedwali kwa uangalifu: College Composition ina insha mbili ndani yake, na ile iitwayo College Composition Modular haina insha za namna hiyo, hivyo baadhi ya vyuo hukubali ya kwanza na kukataa ya pili. DSST ni mitihani mingine inayofanana na CLEP, yenye masomo ambayo CLEP haina, lakini vyuo vinavyoikubali ni vichache, nayo itafutwe tu pale chuo chako kinapoitaja kwa jina.

Lugha za nyumbani zihesabiwe

Hapa familia zetu zina mtaji ambao majirani wao hawana, na huumiza kuona unaachwa. Kijana wa Kongo, Burundi au Rwanda aliyekua akisikia na kusoma Kifaransa anaweza kufanya CLEP ya Kifaransa, ambayo ina sehemu mbili za kusikiliza na moja ya kusoma. Kwa alama 50 ACE inapendekeza krediti 6, na kwa alama 59 krediti 9. Ni mitihani michache tu katika orodha inayotoa krediti nyingi kiasi hicho, na huu ni wa mtoto ambaye tayari amekwisha kuifanya kazi yake mezani kwa bibi yake. Asiende hata hivyo bila mazoezi ya kusoma: mtoto anayezungumza vizuri lakini hajawahi kusoma ukurasa mzima wa Kifaransa kilichoandikwa rasmi atapoteza alama katika sehemu ya kusoma.

Kiswahili hakimo katika CLEP wala AP. Njia yake ni tathmini za ACTFL, shirika la walimu wa lugha ambalo mtihani wake wa mazungumzo, OPI, unapatikana kwa Kiswahili. Mtathmini huzungumza na mtahiniwa kwa kati ya dakika 15 na 30, akianza na mambo ya kila siku, kisha akimpandisha hatua kwa hatua hadi kwenye kueleza tukio kwa mpangilio, kutetea maoni na kujadili jambo la jamii. Daraja huanzia Novice, hupita Intermediate na Advanced, na hufika Superior. Watoto wetu wengi waliokulia Marekani hujibu vizuri maswali ya nyumbani na kukwama pale wanapotakiwa kutetea hoja bila kuchanganya na Kiingereza. Dawa yake ni miezi michache ya kusoma habari za magazeti na kuzijadili kwa Kiswahili kitupu, baba akiuliza na mtoto akieleza kwa sentensi kamili. ACE imependekeza krediti kwa matokeo rasmi ya OPI yaliyofanywa chini ya usimamizi unaotakiwa. Hakikisha unaomba aina hiyo ya matokeo, na kwamba chuo chako kinafuata mapendekezo ya ACE kwa lugha. Vyuo vinavyofundisha Kiswahili, kama Wisconsin–Madison na Indiana, viulizwe pia kuhusu mtihani wao wa kupima kiwango. Uliza kwa maneno yasiyo na utata kama matokeo yanatoa krediti au yanamsamehe tu sharti la lugha, kwa kuwa msamaha humpunguzia mwanafunzi somo lakini haumwongezei hesabu kuelekea zile 120. Uliza vilevile kama kuna masharti kwa aliyeizungumza lugha hiyo tangu utotoni.

Mitihani ya AP

AP nayo ni ya College Board, hufanyika mwezi Mei, na alama zake ni 1 hadi 5. Vyuo vingi vya serikali hutoa krediti kwa 3, na vile vyenye ushindani hudai 4 au 5. Mtoto wa nyumbani haruhusiwi kujisimamia. Lazima apate shule inayomkubali kama mtahiniwa wa nje, na shule nyingi hazina wajibu wa kumkubali. Piga simu kwa waratibu wa AP wa shule za jirani Agosti au Septemba, kwa kuwa shule huagiza mitihani ifikapo katikati ya Novemba na baada ya hapo huwa kuna ada ya kuchelewa. Si lazima awe amesoma darasa lenye jina la AP ili afanye mtihani, lakini mzazi hawezi kuliita somo lake AP kwenye transkripti kabla silabasi yake haijaidhinishwa na College Board. Kwa kijana anayelenga chuo kikubwa cha sayansi, AP za hisabati, fizikia na kemia zina heshima ambayo CLEP haina. Kwa wengine, ugumu wa kupata kituo mara nyingi hauendani na faida.

Hatua ya nne: darasa la chuo chenyewe

Mpango ambao majimbo mengi huuita Dual Enrollment humruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma darasa la chuo, kwa kawaida chuo cha jamii, na somo hilo likahesabiwa pande zote mbili. Minnesota ilikuwa ya kwanza, mwaka 1985, kwa mpango wake wa PSEO, na hadi leo mwanafunzi anayesomea nyumbani anaweza kuomba akalipiwa masomo na vitabu. Washington ina Running Start kwa wanafunzi wa darasa la 11 na la 12: ada ya masomo hulipwa na jimbo, vitabu na ada ndogondogo hulipwa na familia, na mtoto wa nyumbani hupitisha fomu yake katika shule ya serikali ya eneo lake. Ohio ina College Credit Plus inayoanzia darasa la 7. Georgia hulipa, lakini kwa kikomo cha krediti 30. North Carolina ina Career and College Promise. Florida humtaka mzazi na chuo watie saini makubaliano ya maandishi kwa ajili ya mwanafunzi wa elimu ya nyumbani, na baada ya hapo ada ya masomo husamehewa. Texas hali hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, na familia ya nyumbani mara nyingi hujilipia, ingawa kwa bei ya chuo cha jamii. Tarehe za maombi ya fedha hufika mapema sana, mara nyingi katika majira ya kuchipua kwa masomo ya msimu wa vuli, hivyo wasiliana na chuo Januari.

Utaratibu wenyewe hufanana karibu kila mahali. Mtoto hujaza maombi ya chuo kama mwanafunzi asiyetafuta shahada. Hupimwa kiwango chake kwa Accuplacer, au kwa TSIA2 kule Texas, au hutumia alama za SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo. Mzazi hutia saini mahali pa mkuu wa shule, maana katika elimu ya nyumbani mkuu wa shule ndiye yeye, na huambatisha transkripti ya nyumbani pamoja na tamko la nia. Kisha hukutana na mshauri wa chuo. Nenda kwenye kikao hicho na orodha yako ya vyuo vitatu pamoja na namba za masomo unayoyataka, kwa sababu mshauri wa chuo cha jamii anakijua vizuri chuo chake kuliko kile ambacho mtoto wako anakiendea.

Somo la kwanza liwe moja, na liwe lile ambalo mtoto ana nguvu nalo. Somo la krediti 3 hudai takriban saa 3 za darasani na saa 6 za kujisomea kila wiki kwa muhula wa wiki 16. Likibanwa katika wiki 8, saa hizo huongezeka mara mbili. Alama ya darasa hili ni ya kudumu. Itaonekana kwenye transkripti ya chuo atakapoomba udahili, atakapoomba ufadhili, na hata atakapoomba shule ya udaktari miaka minane baadaye. Somo lililoachwa katikati likaandikwa W (alama ya kujitoa), au lililofeliwa, linaweza pia kuhesabiwa katika kipimo cha maendeleo ambacho vyuo hukitumia kuamua nani aendelee kupata msaada wa fedha wa serikali. Vyuo vingi hudai mwanafunzi awe amekamilisha asilimia 67 ya krediti alizojaribu. Ndiyo maana tarehe ya mwisho ya kujitoa bila alama, ambayo huwa katika wiki za mwanzo, iandikwe ukutani.

Wazazi wetu wengi hushtushwa na sheria ya shirikisho iitwayo FERPA. Mara mtoto anapoanza kuhudhuria chuo, haki za kumbukumbu zake za chuo huwa zake mwenyewe, hata akiwa na miaka 15. Profesa hatamjibu mama anayeuliza kwa nini mtoto amepata C. Mtoto anaweza kutia saini fomu ya kumruhusu mzazi, na ni vizuri aitie wiki ya kwanza, lakini zaidi ya fomu ni vizuri afundishwe kumwandikia mwalimu mwenyewe: kwa salamu, jina la somo, swali moja lililo wazi na shukrani. Mtoto aliyelelewa kutomhoji mkubwa huona kwenda ofisini kwa profesa ni kukosa adabu. Aelezwe kwamba saa za ofisi zimewekwa kwa ajili hiyo, na kwamba asiyeuliza huchukuliwa kuwa ameelewa.

Wanaolenga uuguzi na udaktari

Fani hizi ndizo familia zetu nyingi huziota, na ndizo zenye mitego mingi. Programu nyingi za uuguzi hudai anatomia na fiziolojia zenye maabara, zilizosomwa ndani ya miaka mitano au saba iliyopita, na shule nyingi za udaktari hazipendi masomo ya sharti ya biolojia na kemia yatimizwe kwa mtihani peke yake. Kijana wa namna hii atumie CLEP kwa historia, saikolojia, sosholojia na lugha, na aache sayansi zake za msingi kwa darasa lenye maabara.

Masomo ya mtandaoni yanayouzwa kwa mwezi

Sophia, Study.com na StraighterLine huuza masomo ya kujisomea ambayo ACE imeyapendekezea krediti. Yanaweza kukamilishwa haraka, na kwa anayeelekea chuo kama Western Governors au chuo kingine chenye makubaliano nayo ni nafuu kubwa. Vyuo vikuu vingi vya serikali, hata hivyo, havipokei krediti hizo. Usinunue mwezi wa kwanza kabla ya kupata jibu la maandishi. Na taasisi yoyote inayoahidi krediti au shahada bila masomo, au ambayo jina lake halimo katika orodha za ithibati za Idara ya Elimu ya Marekani, iachwe papo hapo hata kama imeletwa na mtu wa nyumbani.

Hatua ya tano: mpangilio wa miaka minne

Darasa la 9, kitambulisho, akaunti na mtihani mmoja wa CLEP mwishoni mwa mwaka, katika somo analolipenda. Darasa la 10, mitihani miwili au mitatu, ikiwemo lugha, na mtihani wa kupima kiwango ili ajulikane kama yuko tayari kwa darasa la chuo. Darasa la 11, somo moja la chuo msimu wa vuli na mawili majira ya kuchipua, hisabati au uandishi likiwa mojawapo. Darasa la 12, masomo mawili hadi matatu kila muhula ikiwa alama za mwaka uliotangulia ni nzuri. Kijana anayefuata mwendo huu anaweza kufikia krediti 30 bila kuchoka. Wapo wanaofika 60 na kupata shahada ya Associate, ile ya miaka miwili, kabla ya kumaliza sekondari, lakini kabla ya kumsukuma mtoto huko, pitia upya kikomo cha krediti katika vyuo vyako vitatu na uone ni ngapi kati ya hizo 60 zingeingia katika shahada anayoitaka. Mhandisi, kwa mfano, ana masomo machache sana ya hiari.

Krediti zilizopatikana kabla ya kuhitimu sekondari kwa kawaida hazimwondolei mwombaji hadhi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hadhi hiyo ina thamani kwa sababu ufadhili mwingi umewekewa waombaji wa namna hiyo. Akihitimu sekondari kisha akasoma mwaka mmoja chuo cha jamii, huhesabiwa kuwa anayehama, na ufadhili huo humpita. Kwa hiyo tarehe ya kuhitimu unayoiandika wewe mzazi kwenye transkripti si jambo dogo. Iwe baada ya masomo yote ya chuo anayotaka yahesabiwe ya sekondari.

Hatua ya sita: transkripti ya nyumbani

Transkripti iwe ya ukurasa mmoja, yenye jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, masomo kwa kila mwaka, alama, krediti za sekondari, GPA, tarehe ya kuhitimu na saini yako. Baadhi ya vyuo huitaka igongwe muhuri wa mthibitishaji. Somo la chuo la krediti 3 kwa kawaida huandikwa kama krediti moja kamili ya sekondari (ambayo ni kipimo tofauti na krediti ya chuo), pamoja na jina la chuo lilikosomwa na alama ileile iliyotolewa na chuo, bila kuiongeza. Somo lililothibitishwa kwa CLEP huandikwa kama somo la sekondari lililosomwa nyumbani, na matokeo ya mtihani hutajwa chini yake. Tunza silabasi ya kila somo la chuo, orodha ya vitabu na insha kubwa mbili au tatu.

Hatua ya saba: kupeleka na kudai

Chuo kinachompokea hakitahesabu krediti kutoka kwenye transkripti yako. Kila chuo alikosoma lazima kipeleke transkripti rasmi moja kwa moja, na College Board ipeleke alama za CLEP na AP; CLEP humruhusu mtahiniwa kuchagua chuo kimoja cha kupelekewa bure wakati wa mtihani, na baadaye hulipiwa. Omba zipelekwe mara tu alama za muhula wa mwisho zinapotoka, kisha subiri wiki chache na umwambie kijana afungue ripoti ya maendeleo ya shahada katika akaunti yake ya chuo. Akae nayo pamoja na orodha yenu ya awali apitie mstari kwa mstari. Palipoandikwa krediti ya hiari mahali palipotarajiwa somo lenye namba, aombe tathmini mpya kwa idara husika, aambatishe silabasi ya somo, na pia lile jibu la barua pepe mlilolihifadhi. Afanye hivyo kabla ya kujiandikisha kwa muhula wa kwanza, kwa sababu akishalichukua tena somo lilelile darasani, chuo huweza kuifuta krediti ya awali kama marudio.